Chane za Jilore

Sifuri ile iliandikwa kwa kalamu ya kijani. Nyekundu ilikuwa yetu sisi walimu. Kijani ilikuwa ya mtu anayekuja kutusahihisha sisi. Aliizungusha taratibu, kama anayechora jua kwenye daftari la mtoto, kisha akafunga kalamu yake na kuuliza kama chai imebaki.

Nina hasira naye mpaka leo. Lakini nimekuwa mwalimu muda mrefu mno, siwezi kukasirika kabla ya kueleza. Kwa hiyo nivumilie kidogo nikueleze kwanza jinsi alama zile zilivyokuwa zikitolewa. Si jambo gumu. Ukilielewa, hasira utaipata mwenyewe, sitakuwa na haja ya kukupa yangu.

Ilikuwa miaka ya kati ya themanini. Nilikuwa nafundisha jiografia katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Kilifi, mimi binti wa Malindi mjini, niliyekulia kwenye nyumba za mawe nyuma ya msikiti. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita walitakiwa kila mmoja afanye utafiti wake mwenyewe. Si kunakili kitabu. Achague swali, alitafutie jibu nje ya darasa, kisha aandike alichokiona. Alama zilikuwa mia. Kumi za pendekezo, yaani ile karatasi ya kwanza ambayo mwanafunzi anasema nataka kujua nini na nitajuaje. Thelathini za daftari la nyanjani, ambamo vipimo vinaandikwa siku ileile vinapochukuliwa. Arobaini za ripoti. Ishirini za mahojiano, mwanafunzi akikaa mbele ya mwalimu wake na kuulizwa maswali juu ya kazi yake.

Mwalimu ndiye aliyetoa alama zote hizo. Baadaye alikuja msawazishaji, mtu aliyetumwa kutoka mbali kupitia kazi chache na kuona kama mwalimu amependelea au amebana. Akikuta mwalimu amekosea, alikuwa na ruhusa ya kubadilisha. Mwisho, yeye na mwalimu walitia sahihi kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo ndiyo iliyokwenda kwenye baraza la mitihani. Bila sahihi mbili, haiendi. Kumbuka hilo la sahihi mbili, nitalirudia.

Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Nilikuwa naupenda. Wasichana waliozoea kukariri majina ya milima ya Ulaya walianza kuniuliza kwa nini mchanga wa pwani hii ni mweupe na wa pale ng'ambo ni mweusi. Mwanafunzi akikuuliza swali ambalo hujui jibu lake, na yeye anajua kwamba hujui, na bado hakuogopi, hapo elimu imeanza.

Miongoni mwa wanafunzi wangu kumi na wawili wa mwaka ule alikuwamo mmoja kutoka Jilore. Mrefu, mpole wa sauti, na mbishi. Kwao walikuwa na visima viwili: kimoja juu, karibu na mashamba ya mahindi, na kingine chini, karibu na ziwa. Kila mtu pale alijua kwamba cha juu hukauka mapema na cha chini hudumu. Yeye akauliza kwa nini, maana udongo ni uleule na vimechimbwa na watu walewale.

"Watu wa nyumbani wanasemaje?" nilimuuliza.

"Wanasema kisima cha chini kina jini, mwalimu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema jini naye lazima atoe maji mahali."

Nilicheka mpaka nikaweka chaki chini. Nikampa nane juu ya kumi kwa pendekezo lile, na nikamwambia aanze.

Tatizo lilikuwa moja. Alitaka kupima kina cha maji ya visima vile kwa miezi sita, na miezi sita hiyo, ukiondoa likizo, alikuwa amefungiwa bweni kwetu. Nilimwambia abadilishe swali. Akaniambia amekwisha kupanga na hawe. Hawe ndiye bibi, kwa Kigiriama, na huyu alikuwa mama wa mama yake. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa fundi wa kusuka mikeka ambaye watu walimfuata kutoka mbali.

Basi sikia walivyofanya. Wagiriama wana juma lao la siku nne. Siku moja katika hizo nne, inayoitwa Jumwa, ni ya kupumzika. Siku hiyo hakuna anayeshika jembe. Bibi alichagua kupima kila siku ya Jumwa kwa sababu siku nyingine zote alikuwa shambani. Alikuwa na ufito mrefu alionyoosha mwenyewe. Aliutumbukiza kisimani mpaka uguse chini, akautoa, akatazama ulipolowa. Kisha akachukua chane, ule ukanda mwembamba wa mwaa, jani la mkoma, anaosukia mikeka, akaukata urefu sawasawa na pale palipolowa. Chane hiyo akaitunga kwenye uzi. Jumwa ya pili, chane ya pili, karibu na ya kwanza. Uzi mmoja wa kisima cha juu, uzi mmoja wa kisima cha chini. Nyuzi mbili zikaning'inia ukutani mwa nyumba yake, chane zikipanda na kushuka kama maji yalivyopanda na kushuka.

Unaona alichofanya? Mimi nilifundisha grafu za nguzo miaka minne kwa ubao na rula, na nusu ya darasa hawakunielewa. Yule bibi alizining'iniza ukutani kwa mwaa.

Msichana aliporudi nyumbani likizo ya mwezi wa nne, alipima mwenyewe, kisha akakaa na futi ya fundi cherehani akasoma chane moja moja na kuziandika kwenye daftari lake. Likizo ya mwezi wa nane akafanya hivyo tena. Kila mstari aliuandika "Jumwa", na mbele yake sentimita. Pale ambapo bibi hakupima, kwa sababu alikuwa kwenye matanga ya jirani, uzi ulikuwa na fundo badala ya chane, na daftari likawa na nafasi tupu. Hata swali ambalo mimi sikuwa nimeliwaza alikuwa ameliwaza: mwaa ukikauka, haupungui urefu? Alikata chane tatu mbichi, akazipima, akazianika juani juma zima, akazipima tena. Zilikuwa zimepungua kidogo kuliko upana wa ukucha. Akaandika na hilo.

Sasa nakuja kwenye sehemu yangu, na hapa hasira inageuka inanitazama mimi.

Daftari alilonikabidhi lilikuwa chafu. Lilikuwa na matope, na masizi, na ukurasa mmoja ulinuka moshi wa samaki. Mimi nilisomeshwa na watu waliotufundisha kwamba kazi safi ndiyo kazi. Nikamwambia mambo matatu, kwa upole kabisa, kwa nia ya kumsaidia.

"Linakili upya kwenye daftari jipya, kwa kalamu ya wino."

"Ndiyo, mwalimu."

"Hili neno Jumwa liondoe. Anayesoma hatajua ni nini. Weka tarehe za kalenda."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na habari za bibi, zifupishe. Sema tu vipimo vilichukuliwa. Ripoti imekuwa ndefu, na hayo mambo ya kuanika mwaa si ya lazima."

Hapo alisita. "Kwani nikimtaja bibi kuna ubaya?"

"Hakuna ubaya, mama. Ni utaratibu tu wa maandishi."

Utaratibu wa maandishi! Daftari lile la matope aliniuliza alifanyie nini. Nikamwambia halina kazi tena. Siku hiyo alikuwa na zamu ya jikoni, na akalitia kwenye kuni pamoja na vifuu vya nazi.

Kazi safi ikanijia. Nikampa ishirini na sita za daftari, thelathini na tatu za ripoti, kumi na saba za mahojiano. Ukijumlisha na zile nane za pendekezo, themanini na nne. Naye alizihitaji zote. Kuingia chuo kikuu kulitaka afaulu vizuri masomo mawili. Historia alikuwa nayo mkononi. Jiografia ilikuwa ikiyumba kwenye mitihani ya kuandika, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzito na muda haukumtosha, na utafiti huu ndio uliokuwa wa kuinyanyua. Yeye alijua, mimi nilijua, na kule Jilore bibi naye alikuwa ameambiwa kwamba chane zake zinampeleka mjukuu Nairobi.

Msawazishaji alifika mwezi wa kumi, siku ya Jumatano. Mwanamume wa makamo, mpole wa maneno, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata. Akakaa ofisini kwa mwalimu mkuu siku nzima na kazi zetu nne alizozichagua, ya msichana wa Jilore ikiwamo. Hakuomba kumwona mwanafunzi hata mmoja. Jioni aliniita.

Alama za msichana yule zilikuwa zimebaki thelathini. Pendekezo aliliacha na nane zake. Daftari, sifuri. Ripoti, kumi na mbili, kwa kuwa, alisema, haiwezi kuegemea kitu kisichokuwepo. Mahojiano, kumi.

"Mahojiano umeyapunguzaje, bwana, nawe hukumhoji?" nilimuuliza.

"Mwalimu, mtu aliyebuni vipimo hawezi kuvitetea vizuri. Hilo linajulikana."

"Nani aliyebuni?"

Akafungua daftari safi, lile nililolisafisha mimi, akapitisha kidole kwenye tarehe. "Tazama. Jumamosi, halafu Jumatano, halafu Jumapili, halafu Alhamisi. Mtu anayepima kweli huchagua siku, akaishika. Huyu aliandika siku yoyote iliyomjia kichwani. Hapa mwezi wa saba ameruka siku moja, uvivu. Na hapa ndipo alipojisahau." Akageuza ukurasa. "Mwisho wa mwezi wa tatu kisima cha chini kinapanda, na mwenyewe ameandika kwamba Jilore hapakunyesha tone. Maji yanapanda bila mvua?"

Nikafanya ninachokijua, nikaeleza. Nikamweleza juu ya siku nne za Wagiriama: hesabu, bwana, kutoka Jumamosi mpaka Jumatano ni siku nne, na kutoka Jumatano mpaka Jumapili ni nne, hapo hajaruka hata moja. Nikamweleza kwamba ziwa la Jilore hulishwa na mto Sabaki, na Sabaki hufurika kwa mvua ya bara, wakati sisi huku tunatafuta wingu kwa macho. Na hilo ndilo hasa msichana alilolivumbua! Kisima cha juu kinakunywa mvua ya Jilore, cha chini kinakunywa mvua ya watu wengine. Ndiyo maana hakikauki. Ndilo jibu la swali lake. Wewe umelikuta jibu ukaliita uongo.

Alinisikiliza vizuri. Watu wa namna ile husikiliza vizuri mno.

"Daftari la asili liko wapi?" akauliza.

Nilisikia harufu ya vifuu vya nazi.

"Liliungua," nikasema.

"Liliungua." Akatabasamu kwa huruma. "Mwalimu, naondoka Ijumaa saa sita. Ukiwa na kitu cha kunionyesha, nionyeshe."

Alhamisi alfajiri nilimchukua msichana tukaenda Jilore. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa bila kuniangalia usoni. Tulifika kama saa tano, tukaambiwa bibi yuko kisimani, na tulipofika kisimani nilisimama. Alikuwa ameinama na ufito mikononi, kanga ameifunga kifuani, na kisu kidogo kimebanwa kwenye meno. Ilikuwa siku ya Jumwa.

Msichana aliita shikamoo na kukimbia kumpokea ule ufito. Mimi nami nikamwamkia. Bibi akanyoosha mgongo.

"Hawe, bado unapima?" mjukuu akamuuliza. "Kazi iliisha mwezi wa nane."

"Hamkuniambia niache," alisema bibi.

Chane kumi na tano zaidi kwenye kila uzi. Miezi miwili yule mama alikuwa akipima maji kwa ajili ya shule ambayo hajaiona, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia basi.

Tulikaa kivulini mwa nyumba yake, akatuletea uji, na mjukuu akamweleza kwa Kigiriama yaliyotokea. Mimi nilishika neno hapa na pale. Bibi alisikiliza, akauliza jambo, na msichana akanitafsiria macho yakiwa chini.

"Anauliza, huyo bwana amekataa nini? Maji, au yeye hawe?"

Nikasema amekataa tarehe.

Bibi akacheka, kicheko kikavu. Akasema maneno marefu, mjukuu akafunika mdomo.

"Amesemaje?"

"Siwezi kusema yote, mwalimu. Mwisho amesema, mwambie aje apime mwenyewe. Ufito ule pale."

Alitutungulia nyuzi zote mbili kutoka ukutani, akazikunja ndani ya mkeka mdogo zisivunjike. Kabla hatujaondoka alinishika mkono, akaniambia kwa Kiswahili chake cha shida lakini kilichoeleweka vizuri sana, "Zirudi. Bado nazitaka."

Ijumaa asubuhi niliutandaza mkeka ule kwenye meza ya mwalimu mkuu na kuzilaza nyuzi, chane zikatazama upande mmoja. Msawazishaji alisogeza kikombe chake.

"Mmeniletea mkeka ambao haujasukwa?" akasema, na mwalimu mkuu akacheka, kwa adabu.

"Hiki ndicho chanzo cha vipimo," nikasema. "Na mwanafunzi yuko nje. Naomba umhoji. Ni haki yake, ishirini juu ya mia."

Akakubali. Msichana akaingia, akasalimu, akaanza kueleza. Sijawahi kumsikia akisema vizuri namna ile. Akaweka grafu yake chini ya uzi wa kisima cha juu, na nguzo za wino zikafuatana na chane moja baada ya nyingine. Msawazishaji akauliza kama mwaa haupungui ukikauka. Msichana akamweleza habari za chane tatu alizozianika juma zima. Bwana yule akauliza kwa nini hilo halimo kwenye ripoti. Msichana hakunitazama hata kidogo. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwambia aliondoe."

Kisha msichana akashika uzi, akahesabu chane kwa kidole mpaka akafika kwenye fundo. "Hapa hawe alikuwa matangani," akasema. Akafungua daftari safi na kuonyesha ile nafasi tupu ya mwezi wa saba, ile iliyoitwa uvivu. Msawazishaji akahesabu mwenyewe, mara mbili, midomo ikicheza. Fundo na nafasi tupu vilikuwa mahali pamoja.

Akavua miwani. Akamwambia msichana atoke.

"Nakubali," aliniambia. "Vipimo hivi vilichukuliwa kweli."

Wallahi niliona kama naweza kumkumbatia yule mtu na suruali yake.

"Lakini," akasema, "aliyevichukua si mtahiniwa. Kanuni inataka kazi ya mtahiniwa mwenyewe. Huu ni msaada wa mtu wa nje. Thelathini inabaki thelathini. Sifuri inabaki."

Naomba usome hapo tena polepole, kama ninavyowaambia wanafunzi wangu. Jumatano kosa la mtoto yule lilikuwa kwamba hakuna aliyepima. Ijumaa kosa lake likawa kwamba kuna aliyepima. Hoja imegeuka chini juu, na sifuri haikutikisika.

Hapo subira yangu iliisha. Nikachukua kazi nyingine iliyokuwa mezani, ya msichana mwingine wa darasa lilelile, mtoto mzuri, sina neno naye. Yeye aliandika juu ya mvua ya miaka kumi. Takwimu zote alipewa na karani wa kituo cha hali ya hewa, zimepigwa taipu, mihuri juu. Msawazishaji alikuwa amemwachia alama ishirini na tisa juu ya thelathini za daftari.

"Huyu alipima mvua hiyo mwenyewe?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa imepanda, nikaisikia inagonga dirisha. "Alikuwa na umri gani miaka kumi iliyopita? Minane?"

"Hicho ni chanzo rasmi, mwalimu."

"Na bibi ni nini?"

"Bibi ni bibi."

"Karani alichungulia mtungi wa mvua akaandika. Bibi alichungulia kisima akakata mwaa. Mmoja unamwita chanzo, mwingine unamwita wizi wa mtihani. Tofauti yao ni nini isipokuwa muhuri?"

"Usipandishe sauti," alisema mwalimu mkuu.

"Kupanga swali, nani alipanga? Kuchagua njia, nani? Kusoma chane, kuchora, kujua kwamba ni mto wa mbali unaojaza kisima, ni bibi huyo? Alama hizi ni za kufikiri au ni za kuinama kisimani? Kama ni za kuinama kisimani, mpe bibi themanini na nne zake na umpeleke Chuo Kikuu!"

Msawazishaji hakukasirika. Laiti angekasirika. Alitazama saa yake, akasogeza karatasi ya mwisho upande wangu, na kalamu juu yake. Sahihi yake ilikuwa tayari pale.

Nikasema sitii.

Mwalimu mkuu aliinuka akafunga mlango. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye kuijua kazi yake. "Sikiliza, binti yangu," akasema. "Karatasi hii ina majina kumi na mawili. Usipotia sahihi, haiendi. Isipoenda, wote kumi na wawili hawana alama za utafiti. Unataka kuwaadhibu kumi na mmoja kwa ajili ya mmoja?"

Nilisimama pale. Nje msichana wa Jilore alikuwa amekaa kwenye ngazi, mgongo umetugeukia, mikono magotini. Nimewahi kuwaza tangu siku ile kwamba ningeweza kuichana karatasi. Ningeweza kuandika maelezo nyuma yake. Ningeweza kumlazimisha akose safari yake ya saa sita na aje Jumatatu. Yote hayo nimeyawaza baadaye, kitandani, jikoni, njiani, nikiwa hodari sana.

Nilitia sahihi.

Nilitoka na mkeka na nyuzi zake, nikamweleza mwenyewe. Sikumficha neno.

"Kwa hiyo amekubali kwamba sikusema uongo?" akauliza.

"Amekubali."

"Na sifuri?"

"Na sifuri."

Alikunja mkeka vizuri, chane zikiwa ndani. "Nizirudishe basi," akasema. "Jumatatu ni Jumwa."

Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, historia alikuwa amefaulu kama tulivyotazamia. Jiografia ilikosa kiwango cha chuo kikuu kwa daraja moja. Moja. Huna haja ya kuwa mwalimu wa hesabu kujua lile daraja lilikwenda wapi.

Alikuja shuleni kuchukua karatasi yake, akiwa amevaa nguo ya nyumbani, amekuwa mtu mzima ghafla. Nilikuwa nimejitayarishia maneno. Wakati huo tayari nilikuwa nimewaamuru wanafunzi wapya waniletee madaftari yao na matope yake, na anayeniletea safi namrudisha. Nilikuwa nimewaambia kwamba ukurasa wa kwanza uwe wa majina ya wote waliowasaidia, kuanzia mama mpaka mchunga mbuzi, na nini hasa kila mmoja alifanya, ili asije mtu yeyote kulifanya jina la mtu kuwa kosa. Nilitaka kumwambia hayo. Nilitaka kumtia moyo, ndiyo tabia yangu.

"Pole, mama," nikaanza.

"Usinipe pole, mwalimu," alisema, kwa sauti yake ileile ya upole. "Ulitia sahihi."

Nikasema ndiyo, nilitia.

Akaikunja karatasi yake mara nne na kuifunga kwenye pembe ya leso. Nikamuuliza habari za bibi, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kusema. Akasema mzima, chane zimejaa ukuta mmoja, ameanza wa pili.

"Na anakuuliza," akasema akiwa tayari ameshika njia ya lango, "kama yule bwana alishapata ufito wa kupimia."

Nilimwambia bado.

"Nitamwambia," akasema, akaenda zake.